Mchanga wa Chancelle

Siku viganja vya Chancelle vilipoanza kuchuja maji, mama yake Victorine alikuwa amesimama nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sombe hutaka maji safi, la sivyo mchanga husagika menoni, na mgeni akila hurudi kwao akasimulie. Tangu pampu za wachimba dhahabu zisimikwe huko juu, upande wa kuelekea Salamabila, kijito cha Milanda kilikuwa kimegeuka rangi ya tofali bichi. Wanawake walikuwa wanalaza maji kwenye vyungu mpaka tope lizame, kisha wanachota ya juu kwa kikombe, taratibu, wakizuia pumzi.

Siku hiyo Chancelle hakuwa na subira. Alikuwa anamshonea mama yake blauzi kwa cherehani ya parokia, ilibaki mikono tu, na alitaka arudi kabla watu wa kwaya hawajafunga chumba. Akachota maji ya tope kwa viganja viwili, akayashikilia juu ya sufuria, yakapenya katikati ya vidole. Juu ya viganja yalikuwa mekundu. Chini yalikuwa safi, na kitako cha sufuria kilionekana na mikwaruzo yake yote.

"Mama, angalia maji."

"Niko naona," Victorine akasema bila kuacha mchi. "Ongeza ingine. Hii haitoshe sombe yote."

Jirani yao Rehema, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi na mtoto wake mgongoni, aliona pia. Alirudi kwake na chumvi, akaja tena na bidoni la kuchotea maji. Kufika mchana foleni ilikuwa imeshapita mwembe wa shule, na watu waligombana kama kawaida ya foleni, nani alitangulia na nani aliweka jiwe badala ya kusimama. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama binti atapumzika Jumapili. Wengine wakamjibu kwamba kiu haina Jumapili.

Milanda ilikuwa na kichujio chake, hilo tulikumbuke, maana wenye mradi wa maji waliokijenga hawalisahau. Lilikuwa tangi la saruji lililopakwa rangi ya buluu, lenye mabomba manne mbele na kibao kikubwa kuliko tangi lenyewe. Ndani walikuwa wamepanga mchanga laini juu, makaa chini yake, kisha mchanga mnene, kisha changarawe. Maji ya kijito yaliingia machafu kwa juu na kutoka safi kwa chini, na kwa muda watoto wa Milanda walisahau kuharisha.

Halafu mtu mmoja, akinawa uso, akaona kitu kinang'aa kwenye mchanga. Katika nchi ambayo kila mwanamume anajua kutikisa karai akitafuta dhahabu, hakuna mchanga unaoachwa ulale. Walifungua mfuniko mchana kweupe, wakatoa mchanga wote, wakaupeleka kijitoni wakauosha. Walipata dhahabu ya kujaa chini ya ukucha mmoja. Waliipigania, ikaanguka majini, na tangi likabaki tupu. Ulikuwa ujinga, na ulikuwa ujinga wa Milanda wenyewe. Lakini mchanga uko kila mahali duniani, na gari moja tu lingetosha kulijaza tangi. Gari hilo halikuja, na Chancelle alipoanza kuchuja, hakuna aliyeliulizia tena.

Mwakilishi wa mradi, bwana Christophe, alikuja kwa pikipiki, na nyuma yake amefunga katoni ya maji ya chupa. Huko Milanda mgeni hupewa maji kwanza. Akishakunywa ndipo anaulizwa habari. Victorine alimletea maji katika glasi ya wageni, yale ya viganja vya Chancelle. Christophe aliyainua, akayatazama kwenye jua, akayagusisha mdomoni, akaweka glasi chini. Kisha akafungua chupa yake.

"Sasa hii si ndiyo maji safi kwa wote?" akasema, amefurahi kweli. "Proje imefika ku lengo."

"Bwana Christophe, mutoto yangu si tangi," Victorine akasema. "Muchanga wa tangi iko wapi? Na zile pampu za kule juu, nani ataisimamisha?"

"Pampu si mambo yetu, mama. Ile ni proje ya watu wengine. Sisi tunaangalia maji ikisha kufika."

Kabla ya kuondoka alimvika Chancelle jileti ya buluu yenye jina la mradi mgongoni. Ilikuwa kubwa. Chancelle akacheka, akasema ataipunguza mabegani. Victorine hakucheka. Alichukua glasi ya mgeni iliyojaa vilevile, akaimwaga kwenye mgomba.

Miezi ilipita, na Chancelle akawa mzito. Hakunenepa, alikuwa mwembamba vilevile, ila kigoda kilizama ardhini alipokalia, na nyayo zake njiani zilijaa maji ya mvua na vyura wakataga mayai ndani. Usiku alikohoa, asubuhi mama yake akafagia mchanga laini chini ya mkeka. Kisha vidole vikaanza kukakamaa. Sindano ilimponyoka. Mkono mmoja wa blauzi alikuwa ameshaushona, wa pili ukabaki kitambaa kilichokatwa tu, kimekunjwa ndani ya Biblia kisipotee.

Victorine alimpeleka mjini Kasongo. Mwenye pikipiki alilalamika njia nzima, kila mlima wakashuka kusukuma, na kila daraja la magogo Chancelle alivuka peke yake kwa miguu, pikipiki ikiwa imeshafika ng'ambo. Walikwenda hospitali moja yenye mabati ya kijani. Hapo alikuwepo Élysée, fundi wa radio, ndivyo watu wanavyoita mashine inayopiga picha za mifupa. Alimsimamisha Chancelle, akawasha motere ya umeme, akapiga, kisha akaining'iniza picha dirishani ili wote waone.

Chini ya shingo kulikuwa na mchanga laini. Mbavuni kulikuwa na makaa. Chini ya mbavu, mchanga mnene, na tumboni changarawe, kila kitu mahali pake, kazi safi kuliko ile ya tangi. Moyo ulikuwepo, umesogezwa pembeni kidogo. Na chini kabisa, karibu na nyonga, vilitapakaa vitone vyeupe pe.

"Hii ni zebaki," Élysée akasema. "Kule juu wanakamatia nayo dhahabu. Na hii kidogo hapa ni dhahabu yenyewe."

"Dawa yake ni gani?"

Élysée alikuna kichwa. "Mama, sitakudanganya. Filitre ya maji ikisha kujaa, wanaipitisha maji kwa kinyume, ama wanaitupa."

Jioni mgongo wa Chancelle ulitoka alama nyekundu ya pembe nne, sawasawa na kidirisha cha mashine. Victorine alirudi kwa Élysée na maneno makali, na Élysée hakujitetea. Mashine nayo ina kichujio chake, alisema, kibati chembamba cha alumini kinachokaa mdomoni mwake. Ndani ya mionzi kuna ile yenye nguvu, inayopita mwilini ikafanya picha, na kuna ile dhaifu, isiyofanya picha wala kazi yoyote, inabaki kwenye ngozi ikaunguza. Kibati huizuia ile dhaifu. Lakini motere ya hospitali ilikuwa imezeeka, picha zilitoka hafifu, basi msimamizi wa hospitali akaagiza kibati kitolewe ili mionzi yote ipite. Kikakaa dirishani. Kisha wakapita mafundi wanaoyeyusha alumini kutengeneza masufuria, wakakichukua.

"Kikakuwa nini?" Victorine akauliza.

Kesho yake mchana mke wa msimamizi alipita uani, amemletea mumewe chakula, na sufuria ilikuwa na kifuniko kipya kinachong'aa. Élysée alikionyesha kwa kidevu.

Siku hiyo hiyo msimamizi, mtu mpole mwenye shati la pasi, aliiona picha ya Chancelle na akafikiri vizuri. Alisema kwa kuwa binti anachuja, na kwa kuwa yuko hapa tayari akimngoja daktari arudi safari, angeweka kiganja chake mbele ya mdomo wa mashine, kwa muda tu. Victorine alikataa. Lakini aliyefuata kwenye benchi alikuwa mtoto aliyevunjika mkono, amenyamaza kwa maumivu, na Chancelle hakuwahi kujua kumwambia mtu hapana. Aliinuka, akaweka kiganja. Picha ilitoka nzuri na mtoto hakuungua. Msimamizi alimshukuru, akaita anayefuata.

Daktari hakurudi. Wagonjwa walipita, wa kifua, wa nyonga, wa risasi iliyobaki pajani, na hakuna aliyeungua tena. Mistari ya viganja vya Chancelle ilififia, kisha ikafutika. Victorine alikwenda ofisini kuomba binti aruhusiwe kurudi nyumbani. Akaelezwa kwa upole kwamba ruhusa hupewa mgonjwa, na Chancelle si mgonjwa, ni sehemu ya mashine.

Hapo hasira ilimpanda Victorine mpaka masikioni. Sufuria ilikuwa mezani, msimamizi ndiyo kwanza ananawa mikono. Victorine alikiinua kile kifuniko, kikiwa moto, akakipeleka mbio chumba cha radio, akakibandika kwenye mdomo wa mashine. Hakikuenea. Kilikuwa cha mviringo na mahali pake pa pembe nne, na kilikuwa kinadondosha matone ya mvuke wa maharage.

Msimamizi alikuja nyuma yake. "Mama, tafazali, chakula itapoa."

"Mutoto yangu iko anaungua sababu ya maharage yako!"

"Kifuniko ni ya mama wa nyumba. Mimi siko na neno ndani yake."

Victorine alikitupa kifuniko uani. Kilibingirika hadi miguuni mwa walinzi, nao wakakifuta vumbi, wakakirudisha ofisini. Katika purukushani hiyo mama na binti walitoka kwa mlango wa nyuma, na Élysée, aliyekuwa anawatazama, aligeuka akatazama ukuta. Ndiyo ushujaa wote aliokuwa nao, na Victorine alimshukuru kwa huo.

Nyumbani, mvua ilinyesha. Victorine aliweka vyombo vyote chini ya bati, akakinga maji yasiyokijua kijito, akamnywesha Chancelle kikombe baada ya kikombe. Maji yaliingia mdomoni na kutoka viganjani, kwa kinyume, kama Élysée alivyosema. Kwanza lilitoka tope jekundu. Kisha maji meusi ya makaa. Mwishoni, Chancelle akilia kwa maumivu, zikatoka shanga za zebaki zilizokimbiana chini ya ndoo, na chembe za dhahabu zilizozing'ang'ania. Ndoo ilijaa. Chancelle aliinuka kwenye kigoda na kigoda hakikuwa kimezama. Alicheka kidogo, akaomba sindano, na uzi ukaingia kwenye tundu mara ya kwanza.

Basi ilijulikana. Chancelle angepona kama asingechuja tena. Victorine alifunga mlango, akaweka kinu nyuma yake.

Walikuja. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Waliketi na bidoni zao, wakangoja. Rehema alibisha hodi, mtoto wake mikononi, macho yameingia ndani, nepi imelowa.

"Mama Chancelle, niko nakuomba. Mutoto iko anaharisha tangu jana. Glasi moja tu, dada."

"Rehema, ukisema glasi moja, wote watasema glasi moja. Mutoto yangu atakufa."

"Na wangu?"

Victorine aliuchukia mlango, akamchukia Rehema, kisha akaona aibu, maana Rehema hakuwa na pampu. Watu husema aliye juu mngoje chini. Milanda walikuwa chini, walikuwa wamengoja sana, na kitu pekee kilichoshuka kilikuwa tope. Nyuma yake Chancelle alishakisogeza kinu. Alitoka, akachukua kikombe cha Rehema.

Victorine hakumzuia. Aliibeba ile ndoo ya uchafu kichwani, akafuata kijito kwenda juu, kwa wenyewe, kuwarudishia mali yao.

Mwenye pampu hakuwepo. Siku zote hayupo, na jina lake halitajwi, si kwa sababu halijulikani. Palikuwa na walinzi wenye bunduki, na pampu zinanguruma, na mlima umefunuliwa nyama yake. Victorine aliteremsha ndoo mbele yao.

"Hii imetoka ndani ya mutoto yangu," akasema. "Ni yenu. Mukamupatie mwenyewe."

Walinzi walitazama ndani. Mmoja aliita mtu wa karai. Huyo alikuja, akatikisa kwa ustadi, akaitoa dhahabu, akaifunga kwenye karatasi ya sigara. Zebaki na tope akavimwaga kijitoni. Kisha akaiosha ndoo vizuri, ndani na nje, akamrudishia Victorine kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, mama. Ikipatikana ingine, ulete."

Victorine alirudi akifuata ukingo, akalia kwa sauti, akatukana, na hapakuwa na wa kumsikia ila maji. Tope la ndoo yake lilikuwa linateremka naye, mbele kidogo. Alijaribu kukimbia ili alitangulie. Maji hayana kichwa cha kubebea ndoo wala magoti ya kuuma, na yalifika Milanda kwanza. Alipotokea nyuma ya nyumba, Chancelle alikuwa amekwisha kulichuja, na kigoda kilikuwa kimezama tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Msimu wa mvua uliisha, mabati yakakauka, na hapakuwa na maji safi ya kumpitishia kwa kinyume. Chancelle hakuweza tena kuinua mikono mpaka kwenye ndoo za watu. Asubuhi moja alimwambia mama yake kwamba amechoka kusimama. Akavua jileti ya buluu, akaikunja. Alitembea hadi kwenye tangi la mradi, na watu wakamsaidia kupanda, kwa adabu, wakimshika viwiko. Victorine alimshika mguu. Ulikuwa mzito na baridi, na ukamwagika mkononi mwake, mchanga laini, wa kwanza kabisa. Chancelle alijipanga mwenyewe ndani ya tangi, changarawe chini, mchanga mnene, makaa, mchanga laini juu. Mtu mmoja akafungua maji. Mabomba yote manne yalitoa maji safi, na Rehema alijaza bidoni huku amejifunika uso kwa kitenge.

Mtoto wa Rehema alipona. Hilo nalo ni kweli, na Victorine hakulionea kinyongo. Alikwenda kumshika, akamrusha hewani, akarudi kwake akalala siku nzima ameelekea ukuta.

Bwana Christophe alikuja tena, safari hii na wageni na utepe. Kibao kilipakwa upya. Victorine alikuwa amevaa blauzi yake yenye mkono mmoja, bega la pili li wazi, na hakuna aliyeuliza. Alimletea Christophe glasi ya wageni, imejaa maji ya kijito, mekundu kama yalivyo.

"Kwetu mugeni anakunywa kwanza," akasema.

Christophe alitazama glasi, akatazama wageni wake, akacheka. Aliiweka chini. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anamwangalia, alikwenda kwenye bomba, akakinga kwa mkono, akanywa Chancelle mpaka kiu ikaisha.

"Tamu," akasema. Akafuta mdomo. Kisha akamsogelea Victorine, akashusha sauti kama mtu mwenye utu. "Lakini muchanga wowote unachokaka, mama. Lazima tupange mbele. Huku kwenu muko na mabinti wengine?"

Victorine aliichukua ile glasi aliyoiacha, akainywa yeye, yote, na tope lake la chini. Wageni waligeuza nyuso. Hakutoa habari yoyote, kwa sababu mgeni hakuwa amekunywa glasi aliyopewa.

Utepe ulikatwa. Wageni wakaondoka. Watu wa Milanda walichota, wakarudi kupika, na kila aliyepita alimsalimu Victorine kwa heshima kubwa. Yeye alipita mabomba na ndoo yake tupu, akateremka kijitoni, akachota tope lake, kama alivyofanya kila siku tangu Chancelle aingie tangini. Kisha alipanda juu ya tangi, akakaa kwenye mfuniko, mchi mapajani.

Vijana wawili wenye karai walikuwa wamesimama njiani. Mmoja alisema kitu kwa mwenzake kuhusu mchanga. Victorine aliwaamkia, akauliza habari za mama zao, akauhamisha mchi mkono wa kulia. Huko juu pampu zilikuwa zinanguruma, na maji mekundu yalikuwa yanaingia tangini.